Siku ya Nne Baada ya Mnada

Mpendwa Ester, binti wa kaka yangu,

Mwandiko huu utautambua mapema, maana ulikuwa ukiucheka. Ulisema herufi zangu zimesimama kama kuku walionyeshewa mvua. Hazijabadilika. Nimekaa uani hapahapa Misigiri, daftari nimeliweka juu ya ungo, na asubuhi ya leo nimefanya jambo nililolikimbia kwa miaka sita. Nitakueleza, ila unisomee taratibu. Nikianza na hilo, mengine yatanishinda.

Hujaniandikia tangu uondoke na wala sikulaumu. Habari zako nazipata kwa mjomba wako: kwamba una mgahawa wako hapo Itigi karibu na stesheni, kwamba Upendo ameanza shule ya awali, kwamba anapenda kuuliza maswali mpaka wateja wanaacha chai inapoa. Nilicheka niliposikia hilo. Nilijua amemrithi nani.

Ulikuwa na miaka minne mama yako alipofariki. Baba yako alikuleta kwangu umebeba kikombe chako cha bati, akasema, "Dada, nimekuletea mwenzako." Hakusema nikulee, alisema mwenzako, na kweli ukawa mwenzangu. Wakati wa kupiga alizeti ulikaa upande wa pili wa turubai na fimbo yako fupi, ukipiga moja kwa kila tatu zangu, halafu mifuko ya gauni lako jioni imejaa mbegu ulizoficha. Nilijifanya sizioni. Nilikupenda, Ester, na sijui kama niliwahi kulisema hilo kwa mdomo.

Unakumbuka mnada ule wa gauni la njano? Ulikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa tumekwenda na kuku wanane kwenye tenga, na wewe ndiye uliyekuwa unawanywesha maji. Ukanishika mkono, ukaninong'oneza kwa Kinyiramba, kama ulivyofanya kila ulipopata hofu, kwamba umeumia na hujui umeumia wapi. Nikatazama gauni. Nikavua kanga ya juu nikakufunga kiunoni, nikamwachia jirani tenga la kuku, tukaondoka. Njiani nilikueleza kwamba hujaumia, umekua, umeanza kuona siku zako. Ulilia kidogo, kisha ukauliza kama zitakuja tena. Nikasema zitakuja kila mwezi. Ukauliza utajuaje. Nikajibu, "Zimekuja siku ya mnada. Basi wewe angalia mnada."

Ndipo kosa lilipoanzia, ingawa wakati ule lilionekana kama busara. Mnada wetu ni mara moja kwa mwezi, tarehe ile ile, hauhami. Watu wa hapa tunaulipia madeni, tunaufungia harusi, tunajua kwa mnada ng'ombe fulani ana mimba ya miezi mingapi. Mimi mwenyewe nilijihesabia hivyo ujanani na niliona inatosha. Kwa hiyo ulipotimiza miaka ishirini na miwili na ukawa na mchumba, yule kijana wa mashine ya kukamua alizeti, nilikuita jikoni nikakuongezea somo. "Ukitoka mnadani hesabu Jumapili mbili," nilisema. "Kabla ya Jumapili ya pili uko salama. Baada ya hapo, chunga." Nililisema bila kupepesa macho, kama mtu aliyesomea.

Sasa nifike siku ile. Ilikuwa siku ya nne baada ya mnada, asubuhi, nami nilikuwa napepeta uwele. Ulikuja umevaa vizuri, kama mtu anayekwenda mahali.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona mapema?"

Ukasema una neno. Ukasema jana yake mlikuwa pamoja na mchumba wako na kondomu ilipasuka. Ukasema rafiki yako amekwambia zahanati wana vidonge vya dharura, vya kumeza baada ya tendo, na kwamba havitaki kucheleweshwa. Ukaomba nikusindikize, kwa sababu uliona haya kwenda peke yako.

Nikahesabu kwa vidole. Nikacheka, Ester. Nikasema, "Mnada juzi tu hapa! Hata Jumapili moja haijapita. Dawa ya nini, na ugonjwa huna?"

Nawe ukasema, naisikia sauti yako mpaka leo, "Lakini shangazi, mwezi huu zilitangulia. Zilikuja siku sita kabla ya mnada. Nilikuwa nimetoka kuumwa malaria."

Nilikusikia. Nataka ujue kwamba nilikusikia vizuri kabisa. Nikajibu kwamba kutangulia si kitu, zitarudi kwenye mstari zenyewe. Nikaongeza kwamba vidonge vile vinaharibu kizazi, maneno niliyoyaokota kisimani na sikuwahi kumuuliza mtu anayejua. Lakini hata hayo hayakuwa sababu hasa. Sababu ni kwamba siku ile ilikuwa ya kliniki ya watoto, na benchi la zahanati lingekuwa limejaa akina mama wa kanisani kwetu, na mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wao. Sikutaka wanione nimekaa na wewe, tunangoja kitu cha namna hiyo. Nilijali macho yao kuliko nilivyokujali wewe.

Ukasimama kidogo pale mlangoni. Kisha ukavua viatu vyako vizuri, ukaja kukaa, ukanisaidia kupepeta. Uliniamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mnada uliofuata ulipita na hukuona kitu. Wa pili nao. Barua ya chuo cha ualimu ilikuwa imeshafika, sanduku la bati lilikuwa limeshanunuliwa, jina lako baba yako ameliandika juu kwa rangi nyeupe. Kijana wa mashine akasema anakwenda Sekenke kutafuta dhahabu, na sote tunajua hakurudi.

Kikao cha ukoo unakikumbuka, sina haja ya kukichora chote. Baba yako alikuuliza mbele ya watu, "Kuna mtu mzima yeyote uliyemwambia? Ulimwomba yeyote ushauri, au uliamua tu kutuaibisha?" Uliinua macho ukanitazama. Nami nikatazama mikono yangu. Ukangoja. Ulinipa muda wa kutosha, Ester, mtu angeweza kumaliza kikombe cha chai. Kisha ukasema, "Sikumwambia mtu."

Baba yako akasema una jeuri na huna akili, kwamba mtu mwenye shangazi ndani ya nyumba hana kisingizio. Nikaendelea kutazama mikono yangu. Chuo hukwenda. Wiki iliyofuata uliondoka na sanduku lile lile la bati, na kabla ya kupanda basi ulinipigia goti ukasema shikamoo, kwa heshima zako zote. Nikaitikia marahaba.

Mwaka huu nilimsindikiza mkwe wangu kliniki na mtoto mchanga. Nikakaa kwenye benchi lile lile. Muuguzi ni dada mmoja mpole, hana hata miaka thelathini, alikuwa anawafundisha akina mama uzazi wa mpango. Mmoja akauliza kuhusu vidonge vya dharura, kama vinamezwa siku zote au siku za hatari tu. Mimi, mzee wa maarifa, nikamjibu kabla muuguzi hajafungua kinywa. Nikamweleza Jumapili zangu mbili.

Wenzangu wakacheka. Muuguzi hakucheka. Aliniuliza, "Mama, hesabu hiyo inaanzia wapi?"

"Mnadani."

"Mnada una tarehe yake," akasema. "Yai halina. Yai hutoka wiki mbili hivi kabla ya hedhi inayofuata. Si wiki mbili baada ya iliyopita, ni kabla ya inayokuja. Kwa hiyo ungelihesabu kwa kurudi nyuma, ukianzia kwenye hedhi ambayo bado haijafika. Sasa hiyo nani ameiona?"

Akaendelea kwamba mwili ukiugua, ukisafiri, ukiwa na mawazo, siku zinaweza kutangulia au kuchelewa, hata kwa mtu ambaye hazijawahi kumpotea. Na mbegu za mwanamume zinaweza kukaa ndani zikilisubiri yai mpaka siku tano. Ndiyo maana siku inayoonekana salama kwenye kalenda inaweza isiwe salama.

Akasema kidonge kile kazi yake ni kulichelewesha yai lisitoke wakati mbegu zinasubiri. Yai likishatoka, hakina tena cha kuzuia. Mimba ikishatunga, hakiitoi wala hakiidhuru. Na hakiharibu kizazi. Hilo alilisema akinitazama, au mimi ndiye niliyeona hivyo. "Kwa hiyo mtu akija hapa," akasema, "simrudishi nyumbani akahesabu siku. Namwambia ameze sasa hivi. Vingi vinamezwa ndani ya siku tatu, lakini siku ya kwanza ni bora kuliko ya tatu. Hata akiwa amechelewa kidogo namwambia aje, kuna njia nyingine inayofaa hadi siku tano, kama kitanzi. Hedhi ikipitiliza wiki nzima, aje apime."

Akina mama walipoondoka nilibaki. Nikamuuliza, "Na aliyekuja asubuhi iliyofuata? Siku ya kumi na moja tangu aanze kuona siku zake?"

Hakuniuliza ni nani. Akasema, "Huyo alikuwa amewahi. Siwezi kukuapia kwamba kingefanya kazi, hakuna anayeweza kuapa. Lakini alikuwa amewahi."

Nilimwacha mkwe wangu aende mbele na mtoto. Nilikaa chini ya ukuta wa zahanati mpaka jua likanifikia miguuni. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejipa moyo kwamba yaliyotokea yalitokea, kwamba hata tungekwenda huenda nafasi ilikuwa imeshapita. Kumbe ulikuwa umewahi. Ulifanya kila kitu sawasawa: ulijikinga, kinga iliposhindwa uliujua mwili wako, uliuliza, ulikuja kwa mtu mzima siku iliyofuata. Wewe uliwahi, mimi ndiye niliyekuchelewesha.

Usinielewe vibaya kuhusu Upendo. Simsemi mtoto yule kuwa kosa, na mtu akimsema hivyo mbele yangu tutagombana. Kosa ni langu na lina jina langu. Nasema tu kwamba ulikuwa na haki ya kuchagua wakati wako, na mimi nilikunyang'anya kwa kujifanya najua.

Sasa nifike leo asubuhi. Nilimkuta baba yako anatengeneza kamba ya ndama. Amezeeka, Ester, magoti yanamsumbua. Nikamsalimia, nikakaa chini, nikamwambia yote, tangu uwele hadi benchi. Sikujipunguzia. Nilipofika kwenye kikao, pale uliponitazama, aliacha kusuka kamba.

"Alikuja kwako," akasema.

"Alikuja. Siku iliyofuata."

"Na mimi miaka sita namwita binti yangu jeuri asiye na akili."

Nikasema ndiyo. Nilitegemea angenifukuza, na angekuwa na haki. Alinyanyuka, akaingia ndani, nikasikia anahamisha vitu. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na viatu vyake vya kanisani mkononi na kitambaa, akaanza kuvifuta vumbi bila kuniangalia.

"Hiyo barua umeshaiandika?" akauliza.

"Bado, kaka."

"Iandike leo. Mwambie siku ya mnada nitapanda basi la Singida, kisha la Itigi. Asipofungua mlango nitakaa nje mpaka afunge mgahawa."

Unamjua baba yako. Mnada hajawahi kuukosa, hata mwaka ule aliovunjika mkono alikwenda.

Mimi sitakuja naye. Sikuombi unisamehe kwa barua, ningekuwa nakuamulia tena. Nitangoja uniite mwenyewe, na usiponiita nitaelewa. Kitu kimoja tu nakusihi. Upendo atakua, na siku yake itafika, na atauliza atajuaje. Usimpe mnada. Mfundishe kuandika siku ya kwanza ya kila hedhi, na umwambie kwamba hata akiziandika zote, likimpata jambo asihesabu, aende. Na akija kwako asubuhi amevaa vizuri, uache unachopepeta, uvae viatu, umsindikize.

Niitikie hata kwa neno moja. Kama huwezi, basi mfungulie baba yako.

Ni mimi,
shangazi yako, uliyemficha kikaoni