Kuihamisha Sauti ya Mama Rehema

Jumatatu, 12 Januari

Nimemficha mke wangu maneno ya daktari. Moyo umechoka na hautapona. Yeye nimemwambia ni presha tu, nipunguze chumvi. Kaipunguza kweli. Mchuzi sasa hauliki.

Kompyuta ya zamani imezima tena, katikati ya darsa anayoiandaa mke wangu kwa kina mama wa hapa Mtanda. Macho yake hayaoni herufi tena. Kompyuta ndiyo inayomsomea, kwa Kiswahili, ndani ya mfumo nilioujenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo, yale maandishi ambayo programu hutengenezwa kwayo, programu moja baada ya nyingine, tangu nilipostaafu ualimu. Nikifa kabla ya kuuhamisha, atabaki bila sauti ya kumsomea. Hilo linaniogopesha. Kufa kwenyewe si sana.

Jumanne, 13 Januari

Rehema, binti yetu, amekuja kutoka Mingoyo na kompyuta mpya. Akauliza kwa nini tusitumie mfumo uliokuja nayo. Tukaujaribu. Uliposoma "shikamoo" kwa lafudhi ya kigeni, mama yake akasema, "Marahaba. Huyu mgeni kafika lini? Mpeni maji." Tumecheka mpaka kifua kikanibana.

Nikahamishia diski yangu kwenye mashine mpya. Ikawaka, ikaandika mistari michache, ikagoma: agizo halifahamiki.

Kosa langu. Miaka ile kila programu niliijenga kwa kipimo cha prosesa ya zamani peke yake, ubongo wa mashine ile, ili iende kasi. Prosesa mpya ni ya ukoo mwingine, na maagizo mengine haiyajui. Nilishona nguo ya mtu mmoja.

Sikula.

Alhamisi, 15 Januari

Diski imerudi kwenye kompyuta ya zamani. Programu zote lazima zijengwe upya humo, kwa kipimo cha wastani kinachokubalika na prosesa zote mbili, ndipo zihame. Kazi ya siku kadhaa. Na mashine ikipata moto inazima. Pangaboi halitoshi, joto la mwezi huu ni kali. Nimeifungua ubavuni.

Mama Rehema kavuta kiti, kachukua kipepeo chake cha jikoni, kaanza kuipepea.

"Baba Rehema, hiki unachopika kitaiva leo?"

"Kikiiva nitakupakulia."

"Fanya hima. Mkaa wa watu unaisha."

Alipepea mpaka alasiri, akibadilisha mikono. Mashine haikuzima. Nilitoka uani nikalia kidogo. Nampenda mwanamke huyu kuliko nilivyowahi kumwambia.

Ijumaa, 16 Januari

Umeme umekatika asubuhi. Umerudi jioni. Ujenzi umeendelea pale ulipoishia, alhamdulillahi.

Miguu imevimba. Msikitini sikwenda. Rehema kaiona, kanifunika shuka.

Jumapili, 18 Januari

Imekwisha. Diski imehamia kwenye kompyuta mpya, mfumo ukawaka, safari hii haukugoma. Nikaandika maagizo ya kuamsha sauti. Ikasoma darsa yake tangu mwanzo, kwa lafudhi ile ile aliyoizoea. Mama Rehema akaitikia kwa kichwa. "Huyu sasa wa nyumbani."

Baadaye Rehema kanivuta pembeni. "Baba, hayo maagizo unayoandika kila asubuhi mama akikuita, nani atamwandikia?"

Hakusema ni lini, ila nilielewa: nikishakufa. Nimejibu nitalitazama.

Jumanne, 20 Januari

Rehema karudi Mingoyo.

Jana nilimwambia mke wangu maneno ya daktari. Alikuwa akikunja nguo, akaendelea kukunja. "Nalala na wewe. Pumzi zako nazisikia. Nilikuwa nakungoja wewe useme." Kisha akanishika mkono, tukakaa hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Baada ya sala nikaongeza mstari mmoja kwenye mfumo. Sasa anabonyeza swichi tu, sauti inaamka yenyewe.

Leo alfajiri kaiwasha mwenyewe. Nilikuwa bado kitandani, namsikia chumba cha pili akiirudisha nyuma, akiiambia isome tena. Hakuna aliyeniita.

Mstari ule niliujua tangu siku ya kwanza. Sikuuweka kwa sababu nilipenda aniite.