Wa Mwisho Alizungumza na Nani

Shoga yangu Zuhura,

Wanaume waliokuzika walirudi wakaniambia tu kwamba mchanga ulikuwa moto. Mimi sikwenda. Mwanamke, tena Mkristo wa Kitale, ningeenda makaburini na nani? Basi nakuandikia, kwa sababu humu chumbani sina tena mtu wa kumwambia neno kwa Kiswahili.

Mwanaisha amehama chumba, amepata kazi nyumbani kwa Waarabu huko Al Wakrah. Beatrice mkataba wake uliisha, akarudi kwao. Kitanda chako kimepewa msichana wa Nepal anayeitwa Sunita. Siku alipoletwa nililikalia godoro lako nikakataa kuinuka, hadi msimamizi wa nyumba akaitwa. Sunita alisimama mlangoni na begi lake, maskini, hajui amekosa nini. Hajakosa. Ni mpole, akipika dengu hunibakishia. Na bado namchukia kila asubuhi anapotandika pale.

Unakumbuka ile Ijumaa ya ofu tulipotazama kwenye simu yako habari za Neandertali? Wale watu wa kale wa Ulaya wenye paji nene, ukasema mmoja wao ni supavaiza wetu mtupu. Tulicheka hadi Beatrice akatutupia mto. Halafu msimulizi akasema watu kama sisi walitoka Afrika wakafika kwao, na wale wakazidi kupungua, hakuna ajuaye vizuri kwa nini, mpaka wakaisha. Mimi nikasema waliuawa, hiyo iko wazi. Wewe ukasema si lazima iwe vita, watu huweza kuisha mmoja mmoja, na wageni wakaja kuwasha moto pale pale walipokuwa wakiota wao. Kisha ukaniuliza, "Hivi shoga, yule wa mwisho alikuwa akizungumza na nani?"

Nilikwambia ulale, kesho kuna vyumba vya kusafisha. Sasa najua. Alizungumza na wafu wake.

Walisema pia kwamba hawakupotea kabisa, kidogo chao kimo katika damu ya watu wengi wa leo. Wewe ulifurahi kusikia hivyo. Mimi sikubali, Zuhura. Kidogo si mtu. Kidogo hakinisuki nywele wala hakinigombezi nikilala na njaa.

Jana mama yako alipiga simu kutoka Unguja. Kaburi hajaliona, wala hana njia ya kuja kuliona. Nikambembeleza, mama usilie mno, mie nipo. Akanyamaza kabisa, nikadhani laini imekatika. Kumbe amekusikia wewe. Kitale hatusemi "mie nipo", maneno hayo nimeyaokota kwako miaka yote hii bila kujijua. "Sema tena, mwanangu," akaniomba.

Nikasema. Nikasema yote niliyokuwa nayo, hata yale uliyokuwa ukinisimangia, naye akawa analia na kucheka hadi salio likaisha.

Lala sasa, shoga. Kitanda nimemwachia Sunita, sitamtazama vibaya tena. Na kila Ijumaa nitampigia mama, nizungumze naye kama wewe. Ila naogopa. Tayari neno moja limenitoka akilini, lile ulilokuwa ukiniita nikichelewa kuamka, na humu hakuna wa kumuuliza. Nitamuuliza mama. Labda ndivyo alivyokuwa akikuita.

Wako,
Nekesa