Wimbo Waliomwimbia Josué

Goma, Jumapili, saa tisa mchana. Jua kali, na vumbi jeusi limeingia mpaka ndani ya sukari. Leo sikwenda misa.

Sikwenda kwa sababu ningelazimika kumpa mama yangu mkono wa amani mbele ya watu, na tangu jana sitaki kumpa hata kijiko.

Nina hasira. Naandika ili nisiseme mengine.

Josué ni mtoto wangu wa kwanza, ana miaka miwili na miezi tisa. Mwezi ujao anatakiwa kuanza shule ya watoto wadogo hapa Keshero, na mkuu wa shule alinieleza bila kuzunguka: mtoto awe "propre", yaani awe anajua kuomba choo. Akija na nepi atarudi nyumbani na nepi yake. Nikasema sawa. Ningesema nini? Mimi nasuka nywele saluni kuanzia asubuhi, na mtoto anabaki na mama yangu. Mama aliteremka kutoka Kibumba mwaka jana na mfuko mmoja begani, wakati watu wa kule walipoacha mashamba yao kwa kukimbia vita. Yuko nasi tangu siku hiyo. Bila yeye sifanyi kazi. Hilo nalijua, na yeye analijua.

Basi miezi miwili iliyopita nikaanza kumfundisha mtoto. Parsela yetu, yaani kiwanja chetu, ina nyumba tatu na choo kimoja, shimo lililochimbwa kwenye mawe ya volkano, na tundu lake ni pana. Josué alilichungulia mara moja akanishika shingo kwa mikono yote miwili. Sikumlaumu. Hata mimi nikiingia mle na simu naishika kwa nguvu.

Siku ya kupima watoto kilo nilimuuliza muuguzi. Muuguzi yule ana maneno machache lakini yote yana maana. Aliniambia nitafute kitu kifupi, miguu ya mtoto ikanyage chini, kwa sababu miguu ikining'inia mtoto hawezi kusukuma. Nimkalishe baada ya uji, baada ya chakula cha mchana na kabla ya kulala, dakika chache tu, na akitaka kuinuka ainuke. Nimvalishe suruali ya lastiki ambayo anaweza kuishusha mwenyewe. "Na akijilowesha, unamubadilisha nguo. Basi. Usimupigie kelele, usimupige, usimuchekeshe watu."

Usimchekeshe watu, yaani watu wasimcheke. Nilimrudia mama yangu maneno hayo, neno kwa neno, jioni ile ile.

Mume wangu ni fundi seremala. Alimtengenezea mwanawe kiti kidogo cha mbao chenye tundu katikati, na chini yake tukaweka kopo la rangi lenye kifuniko. Alikipiga msasa siku mbili, akawa anapitisha kiganja chake kila mahali kutafuta kibanzi kinachoweza kumchoma mtoto. Wiki ya kwanza Josué alikivaa kichwani. Wiki ya pili alikisukuma uwanja mzima kama gari. Wiki ya tatu, asubuhi moja baada ya uji, alikaa, akanyamaza, na mimi nikasikia pipi, ndivyo tunavyouita mkojo, inagonga bati la kopo. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akatoka kuuliza nani anaolewa.

Baada ya hapo mambo yakaenda vizuri. Siku nne kavu, siku moja ameloa, tena siku tano kavu. Alianza kuja mwenyewe kunivuta kitenge. Pipi, mama. Nikaona kumbe inawezekana.

Sasa niseme na la kwangu, maana si haki kuandika ya wengine tu.

Ijumaa nilirudi miguu imevimba. Nikakuta Josué amelowesha suruali mbili, na bidoni, madumu yetu ya maji, zimebaki nusu. Akalowesha ya tatu mbele yangu, amesimama pembeni ya kiti chenyewe, ananiangalia. Nikampiga kofi pajani. Si kubwa, lakini nilimpiga. Halafu nikasema kwa sauti: "Mutoto huyu ataniua. Shule inafungua na bado anakojoa kama mbuzi!"

Mama alikuwa anachambua maharage. Alisikia yote.

Ningejua alichokuwa anakipanga.

Jana Jumamosi bibi harusi niliyekuwa nimsuke aliahirisha, nikafunga saluni saa sita. Nikiwa bado njiani, nyuma ya ua, nikasikia watoto wanaimba. Wimbo ule ninaujua. Miguu yangu iliujua kabla ya masikio, kwa sababu nilisimama.

Nilipofungua geti, watoto wote wa parsela walikuwa wamepanga duara. Katikati amesimama mwanangu, hana kitu kiunoni, na kichwani amewekewa suruali yake iliyoloa. Maji yake yanamtiririka shavuni. Watoto wanauliza kwa kuimba nani amelowesha, na wanajibu kwa kupiga makofi: Josué! Nani ananuka? Josué! Na anayewaongoza, anayepiga sufuria kwa mwiko, ni mama yangu mzazi.

Na Josué alikuwa anacheka. Anapiga makofi pamoja nao. Alidhani ni sherehe yake.

Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga. Sufuria ikaanguka. Watoto wakakimbia kila mmoja mlangoni kwao. Josué aliniangalia usoni, akaishika ile suruali kichwani kwake, akaishusha polepole, akaiangalia. Halafu akaanza kulia, na hakikuwa kilio cha kuanguka au cha njaa. Nilimfunika kwa kitenge changu nikamwingiza ndani.

Mama akanifuata mpaka mlangoni.

"Ju ya nini unapiga kelele kama wazimu? Mutoto alikuwa anacheka. Wewe ndiye umemufanya alie."

Maneno hayo ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Kwa sababu ni kweli. Alikuwa anacheka mpaka alipouona uso wangu. Uso wangu ndio uliomweleza kwamba ile ni aibu.

Lakini jana sikuwa na nafasi ya kufikiri hivyo. Jana nilisema:

"Mama, nilikuambia. Muuguzi alisema asichekwe. Nilikuambia!"

"Muuguzi amezaa wangapi? Mimi nimezaa saba. Wote walikauka. Na wewe tulikuimbia. Ulikuwa na miaka sita, unalowesha mukeka kila siku. Tulikuzungusha nyumba kumi na wimbo huo huo, na ukaacha. Ukaacha siku ile ile!"

"Sikuacha."

"Uliacha. Sikuona tena mukeka umeloa."

"Sikuacha, mama! Nililowesha mpaka nikiwa na miaka kumi na moja. Mukeka ulikuwa mukavu kwa sababu nilikuwa siulalii. Ninyi mkishalala, naukunja, naulaza pembeni ya ukuta, mimi nalala chini. Alfajiri nafua kitenge changu nyuma ya jikoni kabla mutu hajaamka, nakivaa hivyo hivyo, kikaukie mwilini."

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote jambo hilo. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na randa mkononi, naye alilisikia pamoja na mama, kwa mara ya kwanza.

Mama akasema: "Ulilala chini? Kibumba? Na baridi ile?"

"Miaka mitano."

Akakaa juu ya bidoni. Alitumia muda mrefu kutengeneza kilemba chake ambacho hakikuharibika.

"Nilikuwa ninakusifu," akasema. "Kwa watu wote. Nilikuwa ninasema, binti yangu huyu anaamuka mbele ya kuku. Atakuwa muke wa kazi."

Nilingoja aendelee. Alichukua sufuria yake, akaenda kupika maharage.

Jioni mume wangu akaniambia taratibu: "Mama ni muzee. Umuache tu." Nimemkasirikia na yeye. Watu wanasema muzee, muzee, kana kwamba uzee ni ruhusa. Na mimi nilikuwa na miaka sita, hakuna aliyesema huyu ni mtoto, mumuache.

Mtoto sasa. Tangu jana saa sita Josué alikataa kiti. Nikikileta anajificha nyuma ya mlango. Alikuwa anabana haja. Anasimama kwa vidole vya miguu, uso umekunjwa, miguu imebanana, halafu inapita, anaendelea kucheza kwa woga. Alilala kavu. Kwa siku nyingine ningeshangilia. Leo asubuhi tumbo lake lilikuwa gumu, na uji alikataa. Nikakumbuka muuguzi alivyosema, kwamba mtoto akiogopa anazuia, akizuia inakuwa ngumu, ikiwa ngumu inamuumiza, na ikimuumiza anaogopa zaidi. Nikampa maji, nikampa papai, nikamkanda tumbo. Mume wangu akaenda misa peke yake. Mama naye hakwenda. Alisema magoti yanamuuma. Hatukuwa tunaongea. Nyumba ya vyumba viwili, watu wazima wawili wanapishana kama wapangaji.

Kama saa nne hivi Josué alitoka nyuma ya mlango. Akakivuta kiti mwenyewe mpaka kwenye kona, kati ya kabati na ukuta. Akashusha suruali. Akatuangalia sisi wawili.

"Musiangalie," akasema.

Nikageuka nikatazama ukuta. Mama pia akageuka. Chumba ni kidogo, tulijikuta bega kwa bega, pua zetu karibu kugusa mbao za ukuta, mimi na mwanamke ambaye sikutaka hata kumwona. Magoti yake yalikuwa yanamuuma kweli, nilimsikia anavuta pumzi, lakini hakukaa, kwa sababu kiti chetu cha wakubwa kinalia ukikikalia. Nilitaka kusogea nikaogopa kumshtua mtoto. Tulisimama hivyo, sijui dakika kumi. Josué alilia kidogo, akanyamaza, akalia tena. Nilitaka kugeuka. Mama akanishika kiganja akakibana, macho bado kwenye mbao. Alikuwa ananizuia.

Halafu ikatoka. Nilisikia kwenye kopo.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Hatukuthubutu.

"Tate," Josué akaita. Ndivyo anavyomwita bibi yake. "Tate, usiimbe."

"Siimbi, tata wangu," mama akasema, bado anatazama ukuta. "Siimbi tena. Tate alikosea."

Nilisikia vizuri. Alikosea. Kwa mtoto wa miaka miwili na miezi tisa neno lile lilitoka kwa urahisi, kama mtu anatema mbegu ya chungwa. Kisha akachukua kopo akalifunika, akalipeleka chooni mwenyewe, akapita katikati ya uwanja, mbele ya watoto wale wale. Mmoja akafungua mdomo. Sijui mama alimwambia nini, alimwinamia sikioni. Mtoto akafunga mdomo.

Mimi nilikuwa nimebaki na Josué, namsafisha, na machozi yananitoka ya hasira. Ndiyo, ya hasira. Kwa sababu mwanangu ameombwa msamaha baada ya siku moja. Mimi nimengoja miaka ishirini na tatu, na hata leo, aliporudi na kopo tupu, alilosema kwangu lilikuwa: "Sabuni iko wapi?"

Sijui kama ninaweza kumsamehe mtu ambaye hajaniomba. Sijui kama ataniomba siku moja, au kama kule kunibana kiganja ndiyo ilikuwa yote. Kama ndiyo ilikuwa yote, ni kidogo. Naandika hapa kwamba ni kidogo.

Nilikuwa nataka kuishia hapo, lakini mama amekuja sasa hivi kusimama mlangoni, hajaingia. Ameniuliza saa za kumkalisha mtoto. Nimemwambia: baada ya uji, baada ya chakula, kabla ya kulala. Amezirudia kwa vidole, kama mwanafunzi.

"Na kama amelowesha?"

"Unamubadilisha nguo tu. Haumusemi."

"Simusemeshi kabisa?"

"Unamusemesha mambo mengine."

Amefikiri. Ameniangalia, na nimeona kwamba hanitanii.

"Kama mambo gani?"

Nimetafuta kichwani kwangu kitu chochote ambacho mtu mzima anaweza kumwambia mtoto aliyeloa, na sikupata, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kuambiwa. Mwishowe nimesema, mwambie habari za Kibumba. Mwambie ng'ombe wako walikuwa wanaitwa nani.

Ameenda. Nawasikia huko nje. Ameshafika kwa ng'ombe wa tatu.

Kesho saa moja nitafungua saluni, na mtoto nitamwachia yeye. Hasira nitaondoka nayo mimi.