Jina la Bibi Ukutani

Jumamosi jioni

Wamepiga lipu juu ya majina yote, halafu wanasema wanalikarabati kanisa. Bado nina hasira.

Mama alikuja kutoka Kishanda kwa sababu moja tu. Mwaka huu amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima, naye alitaka kulisoma mwenyewe jina la mama yake. Padri wa zamani alilichora ukutani pamoja na majina ya wanawake wenzake waliobeba mawe ya kanisa lile kichwani. Kiangazi maji ya ziwa hurudi nyuma, kwa hiyo tulivuka kwa miguu hadi kisiwani liliko kanisa. Tukakuta ukuta mbichi, laini, hauna hata herufi moja.

"Ndugu mwalimu," msimamizi wa mafundi akaniambia, "viongozi wanakuja Jumatatu. Ukuta wenye mikwaruzo ni aibu."

Nilimjibu vibaya. Hata sasa sijutii.

Mama aliokota msumari akaanza kuandika kwenye saruji, polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza: KOKUGONZA. Herufi N aliigeuza.

"Bibi, unaharibu kazi," msimamizi akasema, akainua mwiko wake.

"Waitu, bwana wangu, mawe yaliyo chini ya kazi yako aliyabeba yeye," Mama akamjibu.

Yule bwana akasita. Sikumwamini; alikuwa anangoja tugeuke tu ili alifute jina. Nilimwambia Mama hivyo kwa Kihaya. Akaketi chini mbele ya ukuta, nami nikaketi kando yake. Hatukuondoka mpaka saruji ilipokauka.