Mtamba Wangu Hajachinjwa

Tinde, Shinyanga

Mama yangu, shikamoo.

Nakuamkia wewe na Baba na wote hapo Ushirombo. Mguu wako unaendeleaje, bado unakunyima usingizi? Mimi sijambo, chakula napata, na Kisukuma kimeanza kunitoka mdomoni. Asubuhi nasema mwangaluka kama mtu wa hapa, wanacheka kidogo tu.

Mama, yule mtamba mwekundu ambaye Mzee Masanja alinipa kwa kazi ya kumchungia, ndiye mwanzo wa mahari yangu, nusura nimkose. Josho la huku halina dawa tangu masika, kupe wamejaa mpaka ndani ya masikio. Alianza kubaki nyuma ya wenzake, halafu akaacha kula. Mzee akapasha chuma moto akamchoma shingoni, chini ya sikio, maana huku ng'ombe akiugua hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Alifanya kwa kunihurumia.

Hakupata nafuu. Pale alipochomwa pakavimba tezi. Majirani wawili wakapapasa, wakasema tezi ikivimba hivi ni ndigana kali, haina dawa, achinjwe angali na nyama. Kisu kikanolewa. Mke wa Mzee, Mama Kwandu, akawaambia wamngoje kwanza bwana mifugo, yuko njiani na baiskeli yake. Wakangoja, wananitania eti mimi nitaoa kwa ngozi.

Bwana mifugo alipofika akaishika ile tezi, akauliza ilivimba lini. Mzee akajibu tangu ugonjwa ulipoanza. Mama, unanijua, mbele ya wazee siwezi kusema. Lakini mimi ndiye niliyekuwa namtoa kupe kila jioni, na shingo yake ilikuwa laini. Nikasema huku naangalia chini, "Samahani Mzee. Ilivimba baada ya chuma."

Nikajua kazi yangu kwa Mzee imeisha.

Bwana mifugo akapapasa upande wa pili na mbele ya bega, hakukuta uvimbe. Akamfunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi. Akamtoboa sikio, tone la damu akalipaka kwenye kioo kidogo aende kuliangalia na darubini kituoni kwao, akasema asichinjwe mpaka arudi. Kesho yake akaja na sindano.

"Ni ndigana baridi," akasema. "Hii inatibika."

Mama, juzi alianza kucheua. Mbavu bado zimemtoka, ila leo alinisukuma kwa kichwa anadai majani. Mzee hakukasirika. Aliniambia, "Kumbe mtoto una mdomo. Ulikuwa unautunza wapi?"

Sasa mwambie Baba, ndama akiugua hapo chuma kikae kwanza. Apapase shingo pande zote mbili, aangalie fizi, amwite bwana mifugo atoe damu sikioni. Mkishachoma, uvimbe wa ugonjwa na uvimbe wa moto vinachanganyika.

Msalimie Mjomba fundi baiskeli, na Bibi mzaa baba, na dada yangu anayekusomea hii barua, asome polepole, mwandiko ndio huu huu. Na Baba akikutana kanisani na baba yake Anastazia, asikae kimya kama mimi. Amwambie kijana ana ng'ombe mmoja, na anacheua.

Ni mimi mwanao,
Petro