Kuku Nilipatia Mungu

Siku ya Mungu, tarehe 1 octobre

Leo nimetoa kuku ku misa. Kuku muzima, haiko ndizi za kuoza kama za batu fulani. Niliifunga utepe nyekundu ku miguu, nikapita katikati ya kanisa polepole, bote banione. Hapana — Mungu anione. Lakini na bo balikuwa na macho.

Padri Adalbert akaiinua juu, bamama bakapiga vigelegele. Mu mahubiri alisema: toa kitu unapenda. Kweli niliipenda. Ila tangu Pasaka haijataga hata yayi moja, na mboga yangu ya lenga-lenga yote imechimbua. Niliipenda ikiwa mbali.

Siku ya pili (Jumanne), tarehe 3 octobre

Padri amepatia kuku ile Eulalie, mujane wa Bunyakiri, yule alikimbia vita na batoto bane. Anapanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya maman Séraphine. Séraphine ni présidente wa shirika yetu ya kanisa. Mudomo kubwa, mukono fupi — Mungu anisamehe.

Eulalie amekuja kunishukuru. Akapiga magoti, akashika mikono yangu yote mbili. Anasema docteur aliona mutoto wake mudogo damu yake imepunguka, akasema apate yayi kila siku. Sasa, Koko — bote bananiita vile, bibi — Mungu amejibu.

Nikamuinua haraka. Nikamuambia: omba sana, mwanangu.

Omba sana. Kuku ile, hata baaskofu kumi baiombee, haitataga.

Siku ya tatu, tarehe 4 octobre

Saa ine ya asubuhi kuku imerudi. Imeingia kwa mulango ya jikoni kama mwenye nyumba, ikapita mbele yangu bila salamu, ikaenda chini ya kitanda changu. Nikamuita Merveille, mujukuu wangu ninakaa naye. Akalala chini na torche, akacheka mpaka akakohoa.

Nyuma ya valise ya nguo za bikwembe kuko kofia ya marehemu muzee wangu, Barthélemy. Miaka tisa sijaigusa. Mu kofia ile — mayayi kumi na moja. Kuku ilikuwa inataga. Mimi niliitukana, niliitoa, nayo ilikuwa inataga mu kofia ya bwana yangu.

Ikaongeza ya kumi na mbili tukiangalia. Kisha ikatoka, ikarudi kwa Eulalie.

Tumetia mayayi mu maji, tuone ya kuoza. Moja tu ilielea, tukaitupa. Merveille anasema, Koko, hii ya leo ni ya Eulalie. Nikamuuliza: iko wapi ya leo? Zote zilikuwa mu beseni, na mayayi haina tarehe.

Nikapika omelette na kitunguu. Mayayi ine. Ilikuwa tamu. Sikufurahi, lakini nilikula yote.

Siku ya ine, tarehe 5 octobre

Séraphine amekuja. Anasema Padri anaomba nitoe ushuhuda siku ya Mungu kisha ya komunyo: namna mukristu anatoa bila kujihurumia. Nikakubali mbele amalize kusema.

Kisha akasema, lakini maman, ile kuku yako haitagi. Nimemuambia Eulalie aichinje siku ya posho, kesho kutwa, batoto bapate hata mchuzi.

Nikasema: angoje kidogo.

"Angoje nini? Ile kuku yako ni mwanaume alivaa robe ya mwanamuke."

Nikisema inataga, ataniuliza nilijua namna gani. Nikisema inataga kwangu, ataniuliza mayayi iko wapi. Na nikijibu yote, ataniuliza ile ya mwisho: basi ulimupatia Mungu juu ulifikiri haizai? Na mudomo ile ikishajua, hata batu ya Mumosho, kule mbali, batajua mbele ya jioni.

Siku ya tano, tarehe 6 octobre

Mvua. Kuku imekuja mu mvua, imelowa. Yayi ingine. Hii nimeiweka kando, mu kikombe. Mimi na kuku tumeangaliana sana.

Nimejaribu kuandika ushuhuda. "Ndugu mu Kristu, mimi nilitoa—" Nimefika pale tu.

Posho (Jumamosi), tarehe 7 octobre

Eulalie iko pa salon. Amekuja kuazima kisu na sufuria kubwa. Anasema kuku imetoroka tena, batoto banaitafuta ku mufereji, lakini ikionekana tu ataimaliza. Batoto wake bamevaa nguo ya sikukuu sababu ya mchuzi.

Nimemuambia ngoja, ninatafuta kisu. Kisu iko mu mukono yangu. Ninaandika na mukono ingine.

Kuku iko chini ya kitanda, mu kofia.

Nimetwaa kitunga, nimetia mayayi yote. Nane. Merveille anaangalia. Nikatoa mbili, juu na mimi niliilisha mwaka nzima. Nikarudisha moja. Akaendelea kuniangalia, mutoto huyu hana adabu. Nikarudisha ya pili.

Bon. Nitamuambia nini? Kwamba niliyanunua ku soko. Hapana, atashukuru tu, na kisu atakitwaa vilevile. Lazima nimuambie habari ya kofia. Na kesho nitasimama mbele ya Séraphine na batu bote —

Kuku imemaliza. Imeanza kulia kwa nguvu, ile kelele ya kutangaza yayi, ile haijapiga hapa hata siku moja.

Sasa Eulalie anauliza polepole: "Koko? Ile si kuku yangu?"