Matumbawe Aliyoyaacha Mrefu

Tarehe 9 Machi

Binti yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kazi mpya inakwenda, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri wangu kila ninapokanyaga cherehani. Jirani wa juu anakusalimu sana. Anauliza kama umeshapata marafiki huko.

Ninakuandikia kwa sababu ya tangi. Ningepiga simu, lakini unajua sikio langu, na maelezo ya simu kwangu huingia huku yakatokea kule. Niandikie, nibandike karatasi ukutani.

Tangu uondoke nimelitunza kama ulivyonionyesha. Taa nawasha asubuhi, jioni nazima. Samaki nampa chakula kiduchu. Lakini matumbawe yananitia hofu. Lile kubwa ambalo mumeo aliliita uyoga limesinyaa, vidole vyake havitoki tena. Vile vidogo vya kijani, vifungo, vimefumba kama watoto wanaokataa dawa. Samaki peke yake ndiye anayezunguka utadhani hakuna lililotokea.

Maji yanapungua, naona alama kwenye kioo, basi nachanganya ile chumvi ya kwenye ndoo kama alivyokuwa akichanganya yeye, najazia. Kila nikijazia ndivyo yanavyozidi kudhoofu. Sasa kioo chote juu kina ukoko mweupe.

Unakumbuka Mrefu wangu alivyolipandisha tangi hili ngazini, akawapigia kelele wabebaji kama limebeba mfalme? Hakulifaidi hata mwaka, ajali ikamchukua. Likinifia mikononi nitamwambia nini? Usinicheke. Nijibu upesi.

Mama yako


Tarehe 17 Machi

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, nashukuru Mungu. Pole kwa magoti, na tafadhali usishone ukiwa umechoka, wateja watasubiri.

Sikucheki hata kidogo. Kosa ulilofanya Mrefu mwenyewe alilifanya mwanzoni, akaficha, nikamkamata. Sikiliza. Maji yanayopungua yanapanda hewani peke yake. Chumvi inabaki tangini. Ukijazia maji ya chumvi, unaweka chumvi juu ya chumvi. Kwa hiyo ukijazia, tumia maji matamu yaliyosafishwa, yale ya dumu kutoka dukani. Ya bomba usitumie, yana dawa. Maji ya chumvi ni ya siku ile tu unapotoa ndoo moja ya zamani na kuweka ndoo moja mpya.

Kuna kipimo cha chumvi chenye mshale kwenye droo chini ya tangi. Mshale ukae kwenye rangi ya kijani. Najua wako umepanda juu. Usiushushe kwa siku moja, mama. Kidogo leo, kidogo kesho, wiki nzima. Matumbawe hayapendi kushtuliwa, hata kwa wema.

Mengine mawili. Usishike vifungo bila glavu, na usijiguse macho baada ya kuingiza mkono humo. Vina sumu, na si sumu ya mchezo. Halafu badilisha ule mkaa mweusi kwenye chujio kila mwezi. Matumbawe laini hayapigani kwa meno. Yanamwagiana sumu majini, kimyakimya, ukitazama unaona yamependeza tu. Mrefu alisema ni kama shangazi zake kwenye kikao cha ukoo.

Mimi huku nasugua lenzi za miwani kutwa. Mashine inapiga kelele na vumbi lake jeupe linaingia hadi kwenye nyusi, kwa hiyo narudi chumbani nimezeeka. Siku za kazi zinapita. Jumapili ndiyo ngumu.

Niambie vidole vikitoka.

Binti yako


Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Salamu kwa wingi. U hali gani? Unakula? Mtu anayeishi peke yake huona uvivu kupika, nami nakujua.

Yamefunguka! Nilifuata maneno yako moja baada ya jingine, sikuharakisha. Siku hiyo niliingia sebuleni na chai yangu nikaukuta uyoga umesimama, vidole vyake vyote nje, vinapepea kama pindo la shela. Nikakaa hapo mpaka chai ikapoa. Vifungo navyo vimefumbuka, pembeni kijani, katikati rangi ya chungwa. Mshonaji gani angethubutu kuweka rangi hizo pamoja?

Sasa nimekuwa mwalimu. Wateja wakija kupima nguo wanasimama mbele ya kioo, wanasahau kilichowaleta. Nawaambia hawa ni wanyama, si maua. Wananitazama kwa huruma. Kila asubuhi, kabla sijawasha taa, namsalimia Mrefu pale. Hilo usimwambie mtu.

Bwana Samaki, yule mwenye duka la chumvi, alipita kuniletea mkaa. Akasema uyoga umekuwa mkubwa mno, unavifunika vifungo vilivyo chini yake, afadhali tuukate au tuusogeze. Nikamwambia katika nyumba hii hakuna kitakachosogezwa. Alipokiweka mwanangu kitu ndipo kitakapokaa. Hata chumba chenu ni vilevile. Nguo zako mbili zimo kabatini, kandambili zako ziko chini ya kitanda.

Shangazi mkubwa naye alikuja na midomo yake. "Yule bado kijana, ataolewa tu, utaona." Nikamwambia achukue mkoba wake aende zake. Wewe ni mke wa mwanangu. Nakujua.

Mama yako


Tarehe 28 Septemba

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na magoti yametulia. Nisamehe kwa ukimya. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Nimefurahi sana kwa uyoga. Lakini mama, Bwana Samaki anasema kweli. Vifungo vinaishi kwa mwanga. Visipouona vinarefusha shingo kuutafuta, na visipoupata vinayeyuka. Uyoga hauumii ukikatwa, utajifunga kwa muda kisha utachipua. Msikilize.

Nimeanza na hayo kwa sababu ndiyo rahisi kusema.

Kuna mtu. Ni dereva anayetuletea lenzi karakanani. Siku moja alinikuta nalia nyuma ya stoo. Hakuniuliza kitu. Alisimama mlangoni, akanipa mgongo, asije mtu mwingine akaniona. Nilipomaliza akasema, "Mzigo wako umefika, utasaini?" Tulianzia hapo.

Ameniomba anioe, nami nimekubali. Nimemweleza habari za Mrefu zote, hata zile hadithi zake za uongo. Hanikatazi kumtaja.

Sijui jambo hili linaandikwaje. Mama yangu mzazi simkumbuki hata sura. Mama ninayemjua ni wewe. Sikutaka ulisikie kwa shangazi. Ukinikasirikia, nikasirikie, ila nijibu.

Binti yako, kama bado


Tarehe 30 Novemba

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Simu yako inaita tu. Jirani wa juu ameniambia wewe hujambo, umeonekana sokoni, basi nimepumua.

Harusi ni Januari. Ni jambo dogo, ofisini, na watu wachache. Upande wake watakuwepo mama yake na dada zake. Upande wangu sijui.

Sikuandikii kukulazimisha. Nakuandikia kukukumbusha kubadilisha maji. Na mkaa. Kama hutaki kunijibu, usinijibu, lakini usiyaache matumbawe.

Binti yako


Tarehe 15 Desemba

Binti yangu,

Salamu. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako ya Septemba niliisoma nimesimama. Nikaikunja, nikaiweka chini ya kitambaa cha cherehani, nikashona juu yake siku hiyo yote kama vile haipo. Nilikukasirikia, sikufichi. Nilikuita majina ambayo sitayaandika. Na kwa kuwa wewe hukuwepo kuyasikia, hasira zikaishia kwenye tangi. Taa niliwasha, samaki nilimlisha, maana yeye hana kosa. Mengine sikugusa. Maji yakashuka mpaka pampu ikaanza kukoroma.

Uyoga ukafunga. Ukalala, ukatoa ngozi inayong'aa kama umepakwa nta. Nikausemesha. Nikauambia, "Na ufe." Mwanamke mzima, nasimama sebuleni namwapiza mnyama asiye na masikio.

Uyoga uliendelea hivyohivyo hadi barua yako ya pili ikaja. Ile uliyoandika habari ya maji. Nilikaa nayo. Kesho yake nikamwita Bwana Samaki, nikamwambia njoo uutoe huu uyoga, umekufa, sitaki kuuona. Alikuja na ndoo yake. Akainamia kioo, akatazama weee, akasema, "Huu haujafa, mama. Unajivua ngozi tu. Ongeza mkondo wa maji uupigepige, na uupe muda." Nikataka kucheka, nikashindwa.

Ndipo akaweka tochi chini yake. Vifungo, mwanangu. Upande mzima umekwisha. Vilivyobaki vimerefuka shingo, vyembamba kama uzi, vimepauka. Vingine vilikuwa ute mtupu. Nikamwambia ni kosa langu, nimeyatelekeza wiki hizi. Akasema hapana, hili ni la siku nyingi, lilianza tangu wakati yanapendeza. Ni kivuli tu. Nilikwenda jikoni, nikafungua bomba, nikalifunga.

Niliporudi nikamwambia nipe glavu.

Alitaka kukata yeye. Nikakataa. Nimekata vitambaa maisha yangu yote, vya maharusi na vya maiti. Wembe ulipoingia, uyoga ukatoa ute na harufu mbaya, na mimi nikalia kwa sauti, Bwana Samaki kasimama na ndoo yake hajui aangalie wapi. Kile kipande tulichokata nilikifunga kwa uzi kwenye jiwe dogo, tukakiweka upande mwingine, mbali. Tukabadilisha maji. Mwanga ukafika chini.

Sijui kama vifungo vilivyobaki vitapona. Bwana Samaki naye hajui.

Sasa nikwambie neno ambalo nilikuwa silijui mpaka siku hiyo. Sikukasirika kwa sababu unaolewa. Mimi si mjinga, una miaka mingi mbele yako, na Mrefu mwenyewe asingependa ukauke kama jani. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa na mtoto mmoja. Alipoondoka, mtu pekee aliyebaki ananiita mama ni wewe. Watu wengine wananiita fundi. Nilisema moyoni, huyu naye akienda kwa mama mwingine, jina hilo litakuwa limenitoka kabisa.

Harusini siji. Usinitarajie, na usinisubiri mlangoni. Sina nguvu hiyo, na sitaki kuja kukaa upande wako nikiwa na uso wa msiba. Wewe nenda, uvae upendeze, na usilie kwa ajili yangu. Baada ya hapo mlete. Nataka kumwona anavyokaa na anavyokula. Siahidi kwamba nitampenda.

Mama yako


Tarehe 22 Machi

Mwanangu,

Natumaini mlifika salama na basi halikuwachelewesha. Mimi hapa sijambo. Nyumba ilikuwa kimya sana mlipoondoka, hata samaki nilimsikia akitafuna.

Nilisema sitaahidi, na sikuahidi. Dereva wako alipoingia nilimtazama viatu, nikatafuta ubaya. Nikautafuta na mezani. Anakula taratibu mno, hilo bado silipendi. Mrefu alikuwa akimaliza sahani hujainua kijiko.

Lakini kuna jambo ambalo hukuliona, ulikuwa chumbani unatoa nguo zako kabatini. Tulibaki wawili. Alisimama mbele ya tangi, mikono nyuma kama mtu aliye ofisini kwa mkubwa. Akauliza kipi alikipanda Mrefu kwa mkono wake. Nikamwonyesha. Akauliza kipi nilikata mimi. Nikamwonyesha. Akauliza kama vifungo vitajaa tena. Nikamwambia vimefumbuka vichache, upande ule mwingine ni jiwe tupu, na jiwe tupu ndilo litakalokuwepo kwa muda mrefu. Hakuniambia nisijali. Wengi wangesema hivyo. Alitikisa kichwa tu, akaendelea kulitazama lile jiwe.

Kisha akaniuliza, "Nikuite nani?" Nikajifanya sijasikia. Akadhani ni sikio, akarudia kwa sauti, "Yeye anakuita mama. Mimi sijui kama nina haki. Naweza kukuita fundi, nikiambiwa." Hapo wewe ukatoka na mfuko wako, nami nikaanza kuhangaika na vifuniko vya vyakula, mkaondoka sijamjibu. Mlangoni akasema "Kwaheri" tupu, bila jina mbele wala nyuma. Nililisikia lile pengo mpaka chini ya ngazi.

Nimelifikiria wiki nzima. Mwambie asiniite fundi. Wanaoniita fundi wanatosha.

Nawasalimu nyote wawili.

Mama yenu